Matusi ya Nyaya Tatu

Mtaani waliniita Redio. Eti sizimwi. Sikatai, mdomo ninao, nimezaliwa nao. Lakini hao wanaosema mume wangu alikufa kwa kelele zangu, wanajua nini wao?

Mume wangu alikuwa fundi umeme, na kazi yake hasa ilikuwa nguzo za taa za nje, zile fupi za chuma ambazo watu husimamisha karibu na geti la nyumba. Alizichimbia, akazimwagia zege, akazivutia nyaya chini ya ardhi. Watu walimwita Mwanga. Akimaliza, alikuwa na mtindo wake: anaishika nguzo kwa kiganja, anaiegemea kama mtu anayesubiri chai, halafu anapaza sauti, "Washa!" Mafundi wenzake walimkemea kila siku. "Gusa kwa mgongo wa mkono, bwana! Kiganja kikinaswa hakiachii!" Yeye anacheka tu. Alisema mteja akimwona ameshika, hatakuwa na wasiwasi watoto wake wakicheza pale.

Kisha macho yake yakaanza kufanya ukungu. Siku moja alimwita dada yangu "mke wangu" mchana kweupe, tukacheka mpaka machozi, halafu mimi nikaacha kucheka. Daktari alituambia mishipa ya nyuma ya macho inakufa na haina dawa. Tulipotoka nje akanishika mkono.

"Usimwambie mtu. Hata kaka yangu. Fundi asiyeona ataitwa na nani? Niapie."

Nikaapa. Jamani, nilimsihi aache kazi! Nililia, nikanuna, nikagoma kupika. "Nikae nyumbani nifanye nini, nitazame kuta nisizoziona?" Kichwa ngumu yule. Na kwa kweli hatukuwa na kitu kingine cha kutulisha.

Basi nikaanza kufuatana naye kazini, eti nambebea koleo. Chini ya nguzo kuna kidirisha, na ndani yake nyaya tatu. Nyekundu inaleta umeme, nyeusi inaurudisha, ya kijani inafungwa kwenye chuma cha nguzo yenyewe, kwa usalama. Ukifunga nyekundu mahali pa kijani, nguzo nzima inageuka umeme. Na kwake zote zilikuwa za kijivu. Hata bisibisi ya kupimia umeme, kile kitaa chake kidogo alikuwa hakioni tena. Tukatunga matusi. Akigusa nyekundu namfokea, "Mzee, huna haraka wewe!" Akigusa nyeusi, "Umelala?" Akigusa ya kijani, "Mvivu mkubwa we!" Naye anajibu, "Nimesikia, mama watoto," anafunga waya mahali pake. Wateja walikufa kwa kicheko. Masikini Mwanga, ameoa redio! Usiku tulikuwa tunacheka sisi wawili, na mimi nilikuwa naogopa kila siku niliyoamka.

Siku hiyo kaka yake alikuja kutusaidia kukoroga zege. Shemeji yangu mtu mzuri, ila kinywa chake hakina mlango: akijua yeye, mtaa umejua. Mume wangu akapiga magoti mbele ya kidirisha, akagusa waya wa kwanza.

"Umelala?" nikafoka.

Mama mwenye nyumba akatoka kibarazani, mikono kiunoni. "Hivi huyu ni mume wako au punda wako? Hebu njoo ndani unisaidie kumenya viazi, umwache baba wa watu apumue."

"Nikimaliza hapa, mama."

"Unamaliza nini? Kwani fundi ni wewe?"

Shemeji akaangua kicheko. "Nenda, shemeji! Leo tufanye kazi kwa amani."

Ningesema nini? Mama ameshanishika mkono, ananivuta. Nikageuka, nikamwambia mume wangu, "Usifunge kitu mpaka nirudi." Akainua uso, akatazama pembeni kidogo ya pale niliposimama.

"Nenda bwana," akasema. "Kazi hii nimeianza kabla sijakujua."

Mbele ya kaka yake, angesema nini na yeye? Nikaingia. Nilimenya kiazi kimoja, mama anaongea sijui nini. Nikasikia sauti ya mume wangu kule nje, ile ile ya siku zote, "Washa!" Nikatupa kisu nikakimbia.

Nilimkuta shemeji ukutani, kidole bado kiko kwenye swichi, anacheka, "Mbona haiwaki?" Nikaizima mimi. Taa haikuwaka hata kidogo. Mume wangu alikuwa ameikumbatia nguzo, na nilipoizima ndipo ikamwachia.

Msibani nyumba ilijaa. Watu walisema nguzo ilikuwa mbovu, walisema siku ya mtu ikifika imefika. Hakuna aliyesema Mwanga alikosea. Wapi! Fundi kama yule? Shemeji alikaa karibu yangu, macho mekundu, akanisogezea maji. Alikuwa ametafuta neno la kunifariji siku nzima, nilimwona.

"Angalau shemeji," akasema taratibu, "dakika zake za mwisho tulimpa amani. Hakuna aliyemfokea."

Wanawake wakanitazama, wakingoja Redio iseme. Nilikitazama kile kidole chake kwenye kikombe. Nikayapokea maji, nikasema ahsante.