Margit Bodnar na Mtego wa Studebaker la Kijani

Saa moja asubuhi, Jumatatu ya Pasaka, Margit Bodnar amejilaza kifudifudi kwenye kiti cha mbele cha gari, miguu imebaki nje ya mlango, uzi ameubana kwa meno. Anamalizia mshono wa mwisho kwa sindano ya kupinda. Kahawa yake imepoa juu ya cherehani na hana habari nayo.

Gari lenyewe ni Studebaker Champion la mwaka 1950, rangi ya kijani, lile lenye pua ya mviringo katikati ya uso. Margit, mwenye umri wa miaka 68, amelihangaikia kwa miaka minne, jioni akishamaliza kazi za wateja. Halipeleki kwenye maonyesho wala haliuzi. Anataka kitu kimoja tu: baba yake akae kwenye kiti hiki.

"Kwa hiari hakai," anasema huku akikata uzi. "Nimembembeleza weee, nimechoka. Leo namtega."

Anayetegwa ni Mzee Kalman Bodnar, mwenye miaka 91, anayeishi nyumba ya pili kutoka gereji ya bintiye, upande wa magharibi wa mji wetu wa South Bend. Mzee huyu alifunga milango ya magari ya Studebaker kiwandani kwa miaka kumi na moja. Tangu Februari 1964 hajaingia tena ndani ya gari la chapa hiyo. Mjukuu wake alipoolewa, bwana harusi alikodi Studebaker la kubebea wazee. Mzee alitembea kwa miguu hadi kanisani, suti na kofia, na alifika kabla yao.

Sisi tuliokulia mitaa hii hatukumshangaa. Kila nyumba hapa ina mtu wake wa Studebaker, na kila mtu wa Studebaker ana wazimu wake.

Ndugu wa ukoo wa Studebaker walianza hapa na karakana ya uhunzi mwaka 1852, wakatengeneza mabehewa ya farasi, na farasi walipopitwa na wakati wakahamia kwenye magari. Kufika mwaka 1950 zaidi ya watu elfu ishirini walikuwa wakila kwa jasho la kiwanda kile: Wahungaria, Wapolandi, Wabelgiji, Weusi waliotoka Kusini. Siku hizo kulikuwa na gari lao moja ambalo watu walilitania kwamba hujui linakuja au linakwenda, maana nyuma na mbele vilitaka kufanana. Walitania, na walinunua.

Halafu mambo yakageuka. Kampuni kubwa zikashusha bei, ya kwetu ikashindwa kuwafuata, mauzo yakapungua mwaka hadi mwaka. Desemba 1963, Krismasi ikiwa mlangoni, kiwanda cha South Bend kikafungwa na watu wapatao elfu saba wakarudi nyumbani na masanduku yao ya chakula. Tawi la Kanada liliendelea hadi mwaka 1966. Kwetu sisi habari ilikuwa imekwisha.

Mzee Kalman alikuwa na Champion lake mwenyewe, la 1950, la kijani. Februari iliyofuata aliliuza kwa mtu wa Ohio ili nyumba isichukuliwe na benki. Margit alikuwa na miaka sita. Anakumbuka baba yake akiliosha kabla ya kulikabidhi, katikati ya theluji, maji yakiganda kwenye ndoo, na mama yake dirishani akimwambia aingie ndani asije akaugua. Hakuingia hadi gari lilipong'aa.

Baadaye alinunua gari la bei rahisi la kampuni nyingine. Hapo ndipo kilipoanza kile kisa cha kilimani, ambacho mgeni hawezi kukielewa bila kuambiwa.

Magari mengi ya Studebaker yalikuwa na kidude fulani kwenye breki. Ukisimama mlimani na mguu wa kushoto umekanyaga klachi, unauondoa wa kulia kwenye breki, na gari halirudi nyuma hata inchi. Baba zetu waliendesha hivyo hadi miguu ikazoea yenyewe. Sasa chukua watu hao, wauze magari yao, wanunue ya wengine yasiyo na kidude hicho, uwasimamishe kwenye taa za kilima cha darajani, ambacho ndicho kilima pekee cha maana mjini. Mguu unaondoka kwenye breki kwa raha zake. Gari linarudi nyuma.

Majira yale ya baridi ungeweza kumtambua aliyeachishwa kazi kiwandani kwa kumwangalia tu taa za nyuma zilizovunjika. Mzee Kalman, katika wiki yake ya pili na gari jipya, alirudi nyuma hadi kwenye gari la paroko wa Wahungaria, siku ya Jumapili, waumini wote wakiona. Paroko alikuwa ameshagongwa na wengine wawili. Alipanda mimbarini akawaomba kwa unyenyekevu waachiane nafasi ya gari zima pale kilimani. Hadi leo tunaachiana. Madereva wa kuja wanatupigia honi nyuma, wanadhani tumelala.

Margit anacheka sana akisimulia kisa hiki, kisha anakuwa mpole. Anasema siku ile baba yake hakucheka. Alirudi nyumbani, akaegesha, akakaa kwenye ngazi za kibaraza bila kuvua koti.

Ushonaji alifundishwa na shangazi yake Ilonka, dada wa mzee, aliyekuwa mshonaji wa viti kiwandani hadi siku ya mwisho. Shangazi alimtaka aanze mshono katikati ya kitambaa aende pembeni, asianze pembeni hata siku moja, na akikosea alipigwa kofi la mkononi kwa upendo. Leo Margit anashona viti vya magari ya zamani, na wateja wanamletea kazi kutoka majimbo ya mbali. Anasema ni kazi inayolipa umeme na kubakisha ya kahawa.

Champion hili alilipata Nebraska, ndani ya banda la kuku. Kuku walikuwa wamehamia kwenye viti kabisa, na mmoja alimdonoa alipojaribu kuwatoa. Injini na breki alimwachia fundi Cleotha Gaines, rafiki yake tangu shule ya msingi, ambaye baba yake alikuwa kwenye tanuri za kiwanda hichohicho. Gaines ana miaka 69 na mdomo wake haupumziki.

Wakati Margit anaokota vipande vya uzi, Gaines anaingia na sanduku la maandazi ya jamu. Anakagua kiti, anakibonyeza kwa kidole, anasema afadhali kuku. Margit anamuuliza kama kidude cha kilimani kitafanya kazi kweli, maana majaribio yote wamefanya kwenye njia ya gereji, ambayo ni tambarare kama meza.

"Dada, mimi nitasimama nyuma yenu," Gaines anamjibu. "Na pikapu yangu mpya. Nitawabana mpaka msome namba zangu kwenye kioo. Kisipofanya kazi, nimejigonga mwenyewe."

Saa tatu inakaribia, na mtego unawekwa. Ni mtego ambao usingemnasa mtu mwingine yeyote. Wahungaria wana desturi kwamba Jumatatu ya Pasaka wanaume huzunguka wakisema ubeti na kuwanyunyizia wanawake maji au manukato, ili wasinyauke mwaka mzima, nao hupewa yai la rangi. Mzee Kalman hajawahi kuruka kichwa cha bintiye hata mwaka mmoja. Mwaka bintiye alipokuwa amelazwa baada ya upasuaji, mzee alifika wodini na kichupa chake, muuguzi akamfokea, akamnyunyizia na muuguzi.

Kwa hiyo Margit anaingia kwenye Champion, anakaa upande wa abiria, anapandisha vioo vyote. Anafunga mlango wake kwa ndani. Mlango wa dereva anauacha. Ufunguo umeshazungushwa, na mwandishi huyu amefichwa kiti cha nyuma na kuambiwa asikohoe.

Mzee anatokea, koti jeusi, kichupa mkononi, hatua fupi fupi. Anasimama kwenye mlango wa gereji. Anamwona bintiye kupitia kioo, na anaelewa mara moja, maana si mjinga. Anamgeukia Gaines.

"Mwambie atoke."

Gaines, mdomo umejaa andazi, anatikisa kichwa kwamba hayamhusu.

Mzee anazunguka hadi upande wa Margit na kugonga kioo. Margit anapapasa nywele zake kuonyesha zilivyo kavu. Mzee anasema kwa Kihungaria jambo ambalo Margit baadaye amekataa kunitafsiria. Anapiga hatua kuelekea nje, anafika mlangoni, anasimama pale amewapa mgongo kwa muda mrefu hivi kwamba Margit anaanza kuuma kucha. Nilimwangalia Margit kwenye kioo na nikaona utani umemwisha. Miaka minne ya kazi ilikuwa imesimama pale mlangoni na kofia yake.

Kisha mzee anarudi. Anafungua mlango wa dereva na kujaribu kufanya ujanja: anainama akiwa amesimama nje, ananyoosha mkono na kichupa. Margit anajisogeza hadi mwisho wa kiti. Mkono haufiki.

"Unataka ninyauke, Baba?" Margit anamuuliza.

Mzee anavua kofia. Anakaa.

Anasema ubeti wake wa Pasaka harakaharaka, anamwagia bintiye manukato kichwani kupita kiasi, na gari zima linanuka kinyozi. Margit anatoa yai jekundu kwenye droo ya dashibodi. Mzee analipokea, lakini mkono wake mwingine umeshashuka kwenye kiti na unatembea juu ya mshono, kutoka katikati kwenda pembeni.

"Huu ni mkono wa Ilonka," anasema polepole.

"Ni wangu, Baba. Yeye alinifundisha."

Mzee anakandamiza kile kiti kwa kiganja, mara mbili. Na hapo mguu wake wa kushoto, bila kuomba ruhusa kwa mtu, unakanyaga klachi hadi chini. Kwenye magari haya swichi ya kuwashia imekaa chini ya klachi, jambo lililomtesa kila mgeni aliyewahi kuazima Studebaker. Injini inawaka. Mzee anashtuka, anamwangalia bintiye, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anacheka.

Hakuna aliyemwambia aende kilimani. Leseni anayo, na kila Jumapili hujiendesha mwenyewe kanisani kwa mwendo wa kuudhi. Alitoa gari nje, akapita mitaa ya magharibi huku watu waliotoka na soseji zao za sikukuu wakisimama kumpungia, akakunja kuelekea darajani. Aliponiona kwenye kioo aliuliza huyu naye ametoka wapi. Margit akamwambia ni mtu wa gazeti. Akasema basi nijifunge mkanda, halafu akakumbuka kwamba gari hili halina mikanda.

Katikati ya kilima taa zikawa nyekundu. Mzee akasimama. Nyuma yetu Gaines alikuja na pikapu yake, akapita ile nafasi ya gari zima tunayoachiana miaka yote, akasogea, akasogea tena, hadi nikaona tundu za pua yake.

Margit alishika dashibodi kwa mikono miwili. "Baba, si lazima," alisema.

Mzee aliondoa mguu kwenye breki. Akauweka sakafuni, mbali, ili bintiye auone.

Gari halikusogea. Mto ulikuwa chini yetu, injini inanguruma, na lile Champion limesimama pale kilimani limetulia. Margit alianza kulia na kucheka pamoja, na mimi sikuwa na hali nzuri sana kule nyuma.

"Unajua kwa nini sikutaka kukaa?" mzee alisema, macho kwenye taa. "Niliogopa nikikaa sitashuka. Lile la kwanza nililiuza nikiwa nalipenda bado."

Taa zikawa za kijani. Hakuondoka. Zikarudi nyekundu, zikawa za kijani tena, na Gaines, ambaye ndiye mtu pekee kati yetu aliyekuwa na haraka, akapiga honi. Mzee alishusha kioo, akatoa mkono nje, akamwonyesha ishara ya kwamba atulie.

Nilimuuliza Margit, tuliporudi gereji, anatarajia nini baada ya hapa. Alisema alikuwa amepanga mengi: msafara wa majira ya joto, safari ya kwenda ziwani yeye na Gaines, labda kwenda nalo Nebraska kuwaonyesha wale kuku. Alikuwa akizungumza huku akipapasa mifuko ya aproni yake, kisha meza, kisha juu ya cherehani, akitafuta ufunguo.

Nje, Mzee Kalman alikuwa ameliingiza Champion kwenye ua wa nyumba yake, mlango wa pili. Alikuwa ameshajaza ndoo maji. Alikuwa akiliosha, mikono ya shati imekunjwa, lile yai jekundu akiwa ameliweka salama juu ya dashibodi, na mfuko wa suruali yake ukilia funguo kila alipoinama.

Margit alimwangalia kwa muda akiwa mlangoni.

"Basi," alisema, akarudi ndani na kukaa mbele ya cherehani. "Nitafute lingine."