Lenzi Ikishaoga, Ivalishwe

Saa tatu kasoro robo asubuhi, ukumbi wa maonyesho hauna mtu. Mwanamke mmoja yuko juu ya ngazi, futi kumi na nane kutoka sakafuni, anafungua mdomo wa taa na kutoa kioo cha duara. Anakipuliza vumbi, anakishusha kwa mkono mmoja. Wenzake humwita Popo, maana mchana kutwa anashinda kwenye giza la darini.

"Jina hilo nimeshalizoea," anasema. "Popo angalau hadondoki."

Ana taa ishirini na nne za kutunza, na huu ni mwaka wake wa kumi na moja katika kazi hii. Kioo alichoshika ni chepesi kuliko mtu anavyodhani. Upande mmoja ni laini; wa pili una pete ndani ya pete, kama kitunguu kilichokatwa katikati.

"Lenzi ya kawaida yenye nguvu hii ingekuwa na kitambi," anaeleza. "Lakini mwanga unapinda kwenye uso wa kioo, si tumboni. Kitambi ni mzigo tu. Basi waliobuni lenzi hii wakakitoa, wakabakiza uso, pete pete."

Balbu ikisogezwa karibu na lenzi, mwanga hutanda jukwaa zima. Ikirudishwa nyuma, hukusanyika kwa mwigizaji mmoja.

Alifundishwa na fundi mkuu, mzee waliyemwita Babu Waya, ambaye alikuwa na agizo moja asilolieleza: lenzi ikishaoga, ivalishwe. Popo alidhani ni utani wa kizee. Mzee alipofariki mwaka jana, Popo akawa anaziosha na kuziegemeza kwenye dirisha la chumba cha mafundi zikiwa tupu, zikauke upesi.

Wiki ya tatu, kiti cha marehemu kilichoko chini ya dirisha hilo kilikutwa na alama nyeusi ya moto. Kesho yake zikawa mbili, kisha nne. Zilitambaa kwa mstari kuelekea pale mzee alipozoea kuegemeza kichwa. Ufunguo wa chumba ni mmoja, nao hukaa shingoni mwa Popo. Mlinzi akakataa kupita mlango ule. Meneja akasema ikionekana alama moja zaidi, chumba kitafungwa na fundi aende nyumbani.

"Niliogopa, sikufichi. Nina watoto watatu na kazi nyingine siijui. Nikajifungia humo, nikawa nakitazama kile kiti."

Saa nne na dakika kumi, kitone cheupe kikatokea kitambaani, kidogo kama punje ya mchele, kikaanza kufuka moshi. Alipokikinga kwa mkono, kikamuunguza kiganja. Ndipo alipogeuka akaiona lenzi, na jua nyuma yake.

"Jua likisogea, na kitone kinasogea. Mzee alijua. Mimi ndiye niliyekuwa nachoma kiti chake."

Tangu hapo kila lenzi huvaa kitambaa cheusi, na meneja ameridhika. Popo hajaridhika sana. Mwezi uliopita aliitwa ghafla shuleni kwa mwanawe, akafunga mlango na kuacha lenzi mbili tupu dirishani. Alirudi roho mkononi. Akazikuta zote zimevalishwa, pembe za vitambaa zimefungwa mafundo mawili mawili. Yeye hufunga moja.

"Aliyekuwa akifunga mawili ni mzee peke yake," anasema, akitazama dirishani.

Mwakani anataka kumwingiza kazini binti wa dada yake; tayari anamfundisha kupanda ngazi.

"Nimemwambia, mwanangu, ukikuta lenzi imeshavalishwa, sema asante, endelea na kazi."