Aliyelimaliza Kochi la Mwalimu Mkuu

Ndugu yangu ni fundi makochi, na ugonjwa wake ni sponji. Mpe kitu chochote chenye kona, atakivisha sponji. Nyumbani meza ina sponji, miguu ya vitanda ina sponji, ukingo wa dirisha una sponji, na siku moja nilimkuta anapima kizingiti cha mlango wa choo. Nikamwambia, "Hapo ukiweka, mimi nahama." Hakuweka, ingawa alikuwa ameshakata.

Simcheki kwa ubaya. Alianza hivyo kwa ajili ya binti yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku, maana akifungua mdomo ilikuwa umpishe tu. Mama yake alifariki mtoto akiwa na miaka minne, nami nikahamia kwao na cherehani yangu. Tangu hapo ndugu yangu anapigilia, mimi nashona vitambaa vya kuvisha. Chiriku alipofika miaka saba akaanza kuanguka kifafa. Mara ya kwanza ilikuwa humuhumu karakanani, kichwa kikagonga mguu wa meza, damu ikatoka, na baba yake akalia kuliko mtoto. Jioni ileile meza ikavishwa.

Chiriku alimeza vidonge vyake asubuhi na jioni bila kuruka siku. Kuanguka kukapungua sana, ila hakukuisha. Mwenyewe hakulifanya jambo hilo kuwa siri. Muuguzi wa kliniki alimweleza watu wafanye nini, naye akaja kuufundisha mtaa, kwa ukali, amekaa juu ya mkono wa kochi lisilo na kitambaa kama hakimu.

"Nikianguka msinikimbie, povu langu haliambukizi. Nilazeni ubavu. Wekeni kitu laini chini ya kichwa. Msinishike kwa nguvu. Mdomoni msinitie kitu, si kijiko, si kidole. Atakayenitia kijiko, nikiamka namdai meno yangu. Angalieni saa. Zikipita dakika tano, hospitali."

Kisha akawapa mtihani. Muuza magazeti wa pale kona alifeli mara mbili.

Mtoto huyo alikuwa na mkono wa kazi. Alijua kuvuta kitambaa mpaka kikose hata mkunjo mmoja, na misumari yake ilipangika utadhani kaipima kwa rula. Lakini baba yake alikuwa na sheria moja: siku ukianguka, kazi basi, unalala mpaka kesho. Kulazwa mchana kutwa kulimuuma kuliko kuanguka kwenyewe. Ndiyo maana, na hili nalisema leo bila kujificha, nilikuwa namvunjia ndugu yangu sheria. Chiriku akishapumzika vya kutosha, kichwa kimetulia, na baba yake katoka kwenda kupima makochi ya wateja, alitokea mlangoni na nyundo.

"Shangazi, unaniona?"

"Sikuoni," namjibu.

Nikampa kiti kifupi, nikaficha mikasi na visu, akamalizia kazi. Ndugu yangu akirudi anauliza nani kamaliza, nasema mimi. Alinisifu sana miaka hiyo. Alisema kadiri ninavyozeeka ndivyo mikono yangu inavyonyooka.

Akiwa na miaka kumi na tisa, asubuhi moja Chiriku hakuamka. Muuguzi alitueleza kwamba kifafa, mara chache, humchukua mtu usingizini, na kwamba hakuna aliyekosea. Alikuwa kwenye kitanda chake, chenye sponji pande zote nne. Ndugu yangu alikaa miezi mitatu hajashika nyundo. Mimi nilishona nikilia, nikafumua, nikashona tena.

Mwezi wa nne akaja na neno. "Dada, nataka kumfanyia mwanangu kitu. Si kaburi la marumaru. Kitu cha watoto wanaoanguka kama yeye. Bure." Nilifurahi mpaka nikamkumbatia. Nilisahau ninaongea na nani.

Mtoto wa kwanza aliyemlenga ni binti wa msusi wa mtaa wa nyuma, miaka kumi, darasa la nne. Alikuwa ameanguka darasani, wenzake wakatoka kwa mlango na kwa madirisha, na mwalimu mkuu akasema anawatisha wenzake, akamrudisha nyumbani mpaka alete barua ya hospitali kwamba amepona. Barua hiyo daktari gani aiandike? Kifafa hutulizwa kwa dawa, na dawa mtoto alikuwa anameza. Wiki ya sita ilikuwa inakwisha, anashinda saluni kwa mama yake akifagia nywele za watu, na sote tulijua kwamba asiporudi muhula ule harudi tena.

Ndugu yangu akajifungia siku tano. Alichotoka nacho ni koti. Koti la sponji, unene wa kiganja, limevishwa kitambaa cha maua kilichobaki kwenye kochi la daktari wa meno, na mgongoni kalizamishia vifungo sita, vilevile anavyovizamisha kwenye makochi. Na kofia yake.

Tukalipeleka saluni. Mtoto akavishwa. Mikono haikukunjika, ikabaki imenyooka pembeni, na shingo haikuonekana. Mteja mmoja akashindwa kujizuia akacheka. Machozi yalimtoka mtoto akiwa amesimama vilevile, maana hata kujifuta hakuweza. Mama yake akamfungua vifungo vya mbele kimoja kimoja.

"Fundi, asante, Mungu akubariki," akasema. "Lakini mwanangu si kochi."

Njiani ndugu yangu akanung'unika, "Lingemkinga."

"Lingemkinga na nini? Na marafiki?" Nilimfokea barabarani, watu wakageuka, na sikujuta.

Ijumaa ya wiki hiyohiyo likaletwa kochi la watu watatu, rangi ya damu ya mzee, springi zimekwisha kwa sababu ya wajukuu waliolifanya uwanja wa kurukia. Kochi tulilijua, tulilitengeneza wenyewe miaka minne nyuma. Mwenye nalo alikuwa mwalimu mkuu yuleyule. Nilitaka lirudishwe hivyohivyo lilivyo. Ndugu yangu akasema kazi ni kazi, akachukua koleo akaanza kung'oa misumari.

Kochi likifunguliwa lina mambo. Tulitoa kitana, kijiko, kalamu nyekundu tatu, na jino la bandia ambalo hatukuuliza ni la nani. Kisha akabandua kitambaa cha mgongoni, na juu ya gunia la ndani, kwa ile kalamu ya wino mzito tunayochorea vitambaa, palikuwa na maandishi.

*Leo nimeanguka. Dakika mbili. Nimeamka. Kochi hili nimelimaliza mimi. Chiriku.*

Ndugu yangu alisoma, akasoma tena, akidonoa kila neno kwa kidole.

"Dada. Kochi hili uliniambia umelimaliza wewe."

Kwamba alikuwa akifanya kazi nilijua. Kwamba alikuwa akiandika sikujua. Nikakaa kwenye gunia la vipande vya sponji.

"Nilikudanganya," nikamwambia. "Ni yeye."

"Siku kaanguka?"

"Siku kaanguka."

"Na mengine?"

"Yapo. Sijui mangapi. Yako sebuleni kwa watu."

Nilingoja anifukuze. Aliishika ile mbao ya mgongo, akapitisha kidole gumba kwenye mstari wa misumari iliyobaki, taratibu, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Misumari hii nilikusifia wewe."

"Ulinisifia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungemkataza."

Akafikiri. "Ningemkataza," akakubali, kisha akalia kwa sauti, na mimi nikalia naye, na katikati ya kilio akaanza kucheka. "Nimemlaza kitandani fundi anayenishinda," akasema. "Mimi ni mjinga, dada." Nilimwambia ndiyo, ila si peke yake.

Lile koti alilifumua siku hiyohiyo. Kutokana na sponji yake akakata mto mmoja bapa, mdogo, wenye kitanzi cha kutundikia ukutani. "Hiki kitu ni cha darasa," akasema. "Si cha mtoto. Mtoto asivae chochote." Mimi nikashona foronya na kuitarizi maneno ya Chiriku yote, ubavu, saa, dakika tano. Na la kijiko sikuliacha.

Kochi la mwalimu mkuu hatukulifunga. Tulimwita aje alione. Akaja, mama mrefu mwenye miwani ya kamba, akadhani tunataka kumwonyesha ubovu.

"Soma hapo mgongoni," ndugu yangu akamwambia.

Akasoma. "Huyu nani?"

"Binti yangu. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Alianguka saa nne asubuhi, na saa tisa alikuwa anakupigilia kochi."

Mwalimu akavua miwani. "Kila mgeni wangu huuliza fundi wa kochi hili ni nani."

"Basi ndiye huyo. Amefariki mwaka huu. Barua ya kwamba amepona hakuwa nayo, mwalimu, hakuwahi kupata. Na kochi umelikalia miaka minne."

Nilikuwa na maneno yangu makali nimeyaandaa tangu Ijumaa, na yule mama akanipokonya nafasi ya kuyatoa.

"Niliogopa," akasema. "Nawasingizia watoto, lakini aliyeogopa ni mimi. Niliona yule binti wa msusi atanifia mikononi, na sikujua nifanye nini."

Hasira yangu ikakosa pa kushika. Nikamkabidhi mto. "Cha kufanya kimeandikwa hapo. Nipe nusu saa na darasa la nne."

Akausoma mto wote, pamoja na la kijiko. "Jumatatu, saa mbili," akasema. Alipofika mlangoni akageuka. "Na hilo gunia msilibadilishe."

Jumatatu nilifundisha kama alivyofundisha mwenye somo, kwa ukali. Niliwasimulia habari za Chiriku na kochi, nikamlaza mwanafunzi mmoja sakafuni wakajizoeza. Binti wa msusi alikuwa amerudi, yuko mstari wa pili, sare imepigwa pasi mpaka inakata, kichwa kainamisha. Nilipomaliza akanyoosha mkono.

"Umesahau kusema wasinishike kwa nguvu."

Nilikuwa nimesahau kweli. Darasa likanicheka, na yeye akacheka. Kisha nikatoa mtihani. Hakuna aliyefeli, jambo ambalo nililipeleka moja kwa moja kwa muuza magazeti.

Sasa mito ya Chiriku iko kwenye shule kumi na moja. Mwalimu mkuu mwenyewe ndiye anayetupigia debe kwa walimu wenzake. Wateja wanatuletea sponji zao kuukuu, na mteja wa saluni aliyecheka siku ile anakuja Jumamosi kunisaidia kutarizi. Hana mkono mzuri, lakini anakuja. Ndugu yangu anacheka tena, na wakati mwingine anamtaja mwanawe bila sauti kukatika. Sponji ya mezani ameibandua, akasema imezeeka. Ya kwenye kitanda cha binti yake ipo bado, na sijamuuliza.

Kila mwisho wa muhula mito inarudi kwetu kufuliwa. Juzi nilikuwa napindua foronya ya darasa la nne ndani nje niiloweke, nikaona upande wa ndani una maandishi ya kalamu ya wino, herufi za kitoto, mstari umepanda mlima. Nikampelekea ndugu yangu kwenye meza yake. Akaweka nyundo chini.

*Leo nimeanguka. Dakika moja na nusu. Wamenilaza vizuri. Nimeamka. Hesabu nimemaliza, nimepata nane.*

Aliishika muda mrefu. Mimi nilikuwa na beseni mkononi, maji yananidondokea miguuni.

"Dada, hii usiifue."

"Ina uchafu wa muhula mzima."

"Shona nyingine," akasema. "Hii usiifue."

Nikamwaga maji, nikaenda kukata kitambaa.