Ukurasa Uliofungia Chapati

Kwetu Busia mgonjwa hapewi ugali. Ugali ni wa watu wenye nguvu. Mgonjwa hupewa mkate, na mkate ukikosekana hupewa chapati laini iliyochovywa kwenye chai mpaka ilegee. Mimi nilikuwa mgonjwa tangu nilipoota meno, kwa hiyo nadhani nilikula ngano kuliko mtoto yeyote wa mji ule.

Na chapati hazikuwa mbali. Mama yangu alizipika karibu na mahali malori yanaposubiri kuvuka mpaka wa Kenya, chini ya kipande cha bati kilichotobokatoboka. Madereva walizijua. Mmoja wao, mtu wa Mombasa, alipenda kuiinua chapati mbele ya uso wake na kuivuta taratibu, akitazama inavyonyooka kabla ya kukatika.

"Mama, unga huu unautia nini? Mpira wa gari?"

"Natia mikono yangu," mama alijibu. "Kula, wacha maneno."

Nakumbuka alivyolikanda donge, akilipiga kwa kisigino cha kiganja, akilifunika kwa kitambaa kibichi na kulisubiri. Nakumbuka harufu. Hata sasa ikinijia nikiwa njiani, miguu yangu hupunguza mwendo bila kuniuliza.

Nilikuwa na tumbo kubwa na miguu ya korongo. Nilitokwa na vidonda mdomoni, niliharisha, nilisinzia darasani. Watoto waliniita Tumbo Mbele. Nilipofika darasa la sita niliacha shule, si kwa kufukuzwa bali kwa aibu ya kuomba ruhusa ya kwenda chooni mara nne kabla ya mapumziko. Nikaanza kujifundisha mwenyewe kwa kusoma karatasi za kufungia chapati.

Hilo linahitaji maelezo. Wenye maduka wa Kihindi walikuwa wamekwisha kufukuzwa nchini, na vitu vyao vilitawanyika. Vitabu vyao viliuzwa sokoni Tororo kwa marundo, kama kuni. Mama alinunua rundo la kufungia chapati. Ndani yake mlikuwa na vitabu vya hesabu za biashara, kamusi mbili, riwaya zisizo na mwanzo, na kitabu kinene cha wauguzi, cha Kiingereza, kisicho na jalada.

Mimi ni mtu wa mpangilio. Naumwa kitu kikikaa upande. Nilimwomba mama aanze kuchana kutoka mwisho wa kitabu, ukurasa kwa ukurasa, ili nimtangulie kwa kusoma. Mama alichana pale mkono ulipofika.

"Karatasi ni karatasi," alisema. "Mteja nakula chapati, hanakula herufi."

Kwa hiyo niliwafuata wateja. Nilisimama karibu na mtu anayekula, nimeinamisha kichwa nisome kilichoandikwa chini ya vidole vyake. Yule dereva wa Mombasa aliniita Msomi. "Njoo, Msomi," alisema, akinigeuzia karatasi yenye mafuta. "Nambie nimefungiwa nini leo." Siku moja alikuwa amefungiwa ugonjwa wa bawasiri. Nilipomtafsiria alicheka mpaka akapaliwa.

Kitabu cha wauguzi nilikisoma kwa kamusi mkononi, neno kwa neno. Mchana mmoja nilifika kwenye ukurasa ambao nilidhani umeandikwa na mtu aliyeniona. Tumbo lililovimba. Miguu myembamba. Choo cheupe kinachoelea. Vidonda vya mdomo, damu pungufu, mtoto asiyekua na mwenye hasira. Mambo yale ambayo mama alikuwa ameyapeleka kwa mashehe wawili na mganga mmoja yalipangwa pale kwenye mistari minane. Juu yake palikuwa na jina nililolisoma koeliaki. Mwisho kabisa, chini ya ukurasa, palisema kwamba tiba ni moja tu nayo ni ya maisha: mgonjwa asile tena kamwe

Hapo ukurasa uliisha. Karatasi iliyofuata haikuwepo. Palikuwa na kishina chake tu, kimechanwa vibaya kama mama alivyochana.

Nilimuuliza karatasi ile amempa nani. Alifikiri, mkono umejaa unga. Asubuhi ile, alisema, walikuja askari na gari lao kutoka Tororo, wakachukua chapati zote. Basi ilikwenda na askari.

Nakiri nililolifanya, maana bado linanitisha. Mmoja wa askari wale alirudi baada ya siku chache. Kila mtu mwenye akili Busia alijua kwamba askari anasalimiwa, anapewa anachotaka, na macho yanabaki chini. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano na sentensi isiyokwisha kichwani. Nikamwendea.

"Afande, shikamoo. Ile karatasi ya juzi, iliyofungia chapati. Ulitupa wapi?"

Aliacha kutafuna. "Karatasi gani? Nyinyi naandika nini kwa karatasi? Nani anakutuma kuuliza?"

Nilisikia mama akitua kikaango. Alikuja akasimama kati yetu akicheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia tena.

"Afande, samehe. Huyu mtoto kichwa si mzima. Tangu kuzaliwa yeye ni mgonjwa. Huyu nasoma hata majani ya chai."

Askari alinitazama tumbo, akatazama miguu. Nafikiri miguu yangu ndiyo iliyotuokoa. Akaondoka na chapati nyingine.

Mama hakunipiga. Alikusanya rundo lote la vitabu akalitia jikoni, karatasi baada ya karatasi, huku machozi yakimtoka na akisema ni moshi. Tangu siku ile chapati zake zilifungwa kwa majani ya migomba. Nilibaki na kamusi moja, iliyokuwa chini ya mto wangu, na ule ukurasa nusu, niliokuwa nimeuficha ndani ya mfuko wa juzuu yangu ya Kurani.

Asile tena kamwe nini? Nilichukua daftari nikachora mistari kwa rula. Nilijinyima maziwa mwezi mzima. Nilijinyima maharage, kisha samaki, kisha mayai, ambayo hata hivyo hatukuyapata. Kila jioni niliandika hali ya tumbo langu kwa alama kutoka moja hadi kumi, na nikikosea mstari niliichana karatasi nzima nikaanza upya. Alama hazikupanda. Chapati sikuiweka kwenye orodha hata mara moja. Chapati ilikuwa dawa.

Kilichonisaidia mwishowe si akili yangu bali ni uhaba. Mpaka ulifungwa. Unga wa ngano, ambao ulitoka upande wa Kenya, ukatoweka, na mkate ukatoweka, na sabuni na sukari na chumvi. Mama alikigeuza kikaango kikalala kifudifudi, akafunga nguo zetu kwenye shuka, tukaenda Mulanda kwa bibi mzaa mama.

Bibi alikuwa mkulima na Mkristo, na hakuwahi kumsamehe mama kabisa kwa kuolewa mjini kwa Waislamu. Lakini alitupokea. Kwake mlo ulikuwa kwon, yaani ugali wa ulezi, mweusi na mzito, pamoja na kunde zilizotiwa simsim. Mama alijaribu kumweleza kwamba mimi ni mgonjwa, siwezi chakula kizito.

"Hapa hakuna chakula cha wagonjwa," bibi alisema. "Ama anakula, ama anatutazama tukila."

Nikala. Wiki ya tatu nililala usingizi wa moja kwa moja. Wiki ya sita nilibeba mtungi kutoka kisimani bila kupumzika njiani. Vidonda vya mdomo vilikauka. Gauni lililokuwa likinibana tumboni likaanza kuning'inia pale, likanibana mabegani. Bibi alinishika kiwiko mbele ya majirani, akakitikisa kama mtu anayepima muhogo.

"Mtu wenu wa mjini ameanza kuwa mtu," alimwambia mama.

Alasiri, tukipepeta ulezi, bibi alitusimulia hadithi za sungura na fisi, akizikatiza ili kufukuza kuku. Kamusi yangu ilisema neno ngano lina maana mbili, nafaka na hadithi za kale. Mulanda nilizipata za pili tu. Ile ilikuwa miezi ambayo nchi nzima ilililia mkate, watu walitoweka njiani, habari za redio zilizungumzwa kwa kunong'ona, nami nilikuwa na furaha. Ninaona haya kuandika hivyo. Lakini nikiulizwa ni wapi ningependa kurudi, ningesema pale, kwenye ungo, vumbi la ulezi likiniingia puani.

Katika daftari, alama zilifika tisa. Nilipitia safu zote kwa rula nikitafuta kilichokosekana. Nilikijua kabla rula haijafika.

Mpaka ukafunguliwa. Tulirudi Busia, na siku unga ulipopatikana mama aliimba akiukanda. Chapati ya kwanza kutoka kikaangoni, iliyokuwa bado inapumua, hakumpa mteja. Aliikunja mara nne akaniwekea kiganjani.

"Kwa mgonjwa wangu aliyepona," alisema.

Niliila. Nilijua na niliila. Niliendelea kuila kwa muda wa miezi miwili, kwa sababu sikuona ni jinsi gani mtoto anaweza kumwambia mama yake neno lile. Mikono ile ilikuwa imenilea peke yake tangu baba alipokufa. Tumbo likarudi. Nilianza kuzipeleka chapati nyuma ya nyumba kwa mbuzi wa jirani, na mbuzi akanipenda. Alinifuata sokoni. Alinisubiri nje ya choo.

"Huyu mbuzi nakufuata kama mchumba," mama alisema asubuhi moja. "Mna siri gani?"

Nilijaribu kucheka, nikatapika. Nilipoinuka nilimwona amemtazama mbuzi, kisha kipande cha chapati kwenye majani.

Nikaleta ukurasa na daftari. Mama hakujua Kiingereza, kwa hiyo nilimtafsiria kila mstari. Nilipofika mwisho nikaishia kwenye neno kamwe.

"Asile tena kamwe nini?"

"Haisemi. Ilienda na yule afande."

Nikamfungulia safu za Mulanda. Nikamwonyesha kwa kidole, ingawa hakuweza kuzisoma. "Ni ngano, mama."

"Ngano yote?"

"Yote."

"Hata yangu?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Alijipangusa mikono kwenye leso, mbele na nyuma. "Miaka yote nilikuwa nakulisha," alisema, na sentensi yake pia haikuisha. Kisha hasira ikaja. "Bibi yako ndiye alikufundisha hivyo. Mimi sasa nimekuwa mchawi wa mtoto wangu?" Akarudi kwenye donge akalipiga kama adui.

Siku mbili hakunisemesha. Siku ya tatu sikuweza kustahimili. Nilikwenda kikaangoni, nikachukua chapati mbele yake na kuiuma, ili yaishe. Alinipiga kofi mkononi hata chapati ikaangukia majivuni.

"Tema!" alisema. "Tema yote!"

Wiki hiyohiyo alinipeleka hospitali ya misheni. Daktari, mwanamke mzee mwenye Kiswahili cha taratibu, alilisoma daftari langu lote bila kuruka ukurasa, na sijawahi kumpenda mtu kwa haraka vile. Nilimwambia nadhani nina koeliaki. Alitabasamu. Hutamkwa siliaki, alisema. Miaka miwili nilikuwa nikilitamka vibaya jina la ugonjwa wangu mwenyewe. Masikio yaliniwaka mpaka tulipofika nyumbani.

Alieleza kwamba ndani ya utumbo kuna manyoya madogo kama ya taulo jipya, ndiyo yanayonyonya chakula. Ndani ya ngano, na shayiri pia, kuna kitu kinachoitwa gluteni, ule mvuto unaofanya unga unyooke. Kwa watu kama mimi, mwili ukikutana na kitu hicho hujipiga wenyewe, na manyoya yale hulala kama taulo lililochakaa. Ukiacha, huota tena. Ukirudi, hulala tena. Kipimo chake hakikuwepo hapa siku hizo, alisema, lakini Mulanda ilitosha kuwa kipimo. Ulezi, mtama, mahindi, mchele, muhogo, vyote ni halali yangu.

Mama alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. "Na kikaango?" aliuliza.

"Awe na chake."

"Na maji ya kuoshea? Na kitambaa?" Akaifungua mikono yake juu ya magoti, akaitazama. "Na hii?"

"Unga hujificha kwenye kucha," daktari alisema. "Osha kwanza."

Sasa nina miaka ishirini na miwili. Wale askari wamekwisha ondoka, na nafundisha watoto wadogo kusoma Tororo. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni alfajiri za Busia zilizofuata siku ile. Mama alikuwa ameubadilisha utaratibu wake wote wa kazi. Kabla ya kufungua gunia la unga alipika uji wangu wa ulezi katika chungu kilichotoka Mulanda, akaufunika, akaupeleka chumbani mwangu. Hapo ndipo ngano ilipotolewa. Jioni nilimsikia nje akijisugua kwa maji na majivu hadi viwikoni, kucha moja moja, kabla ya kukigusa chakula changu.

Nakiri la mwisho. Hata hivyo nilikuwa nikikiosha kile chungu cha uji kwa siri, mara ya pili, baada yake. Siku moja alinikuta. Nilisimama na chungu mikononi, nikitafuta uongo wa kumwambia.

Akaninyooshea maji. "Osha, mwanangu," alisema. "Hata mimi sijiamini."