Injili kwa Pini

Mwaka ule mchungaji wetu alitangaza kwamba kila muumini alete nafsi moja kanisani kabla ya mavuno. Wenzangu wakatawanyika, wengine sokoni, wengine kwenye foleni ya maji. Mimi sikutoka. Mimi ni mama fundi wa nguo hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, cherehani yangu iko kibarazani, na nilikuwa nimegundua jambo ambalo wahubiri wengi hawalijui: mtu aliyevaa nguo iliyoshikizwa kwa pini hawezi kukimbia.

Basi nikawa nahubiri wakati wa kumjaribisha mteja nguo. Mabegani nilianza na uumbaji. Nikifika kiunoni tuko kwenye dhambi. Kwenye pindo, mteja yuko motoni tayari, na njia ya kutoka ninayo mimi. Wawili waliokoka hivyo, ila kanisani hawakufika. Mmoja nadhani alikubali ili apumue.

Siku moja akaja mama wa Bukavu anayeishi Nsungwi, kule Lilongwe. Mtu aliyesoma, wa maneno machache. Aliingia na "Bonjour" tu, wala hakusema Bwana asifiwe, nami moyoni nikasema: hii hapa nafsi yangu. Nikamvika gauni lake la kitenge, nikamzungushia pini, nikaanza. Nilihubiri mpaka chai niliyomkaribisha ikapoa. Hakutikisika.

"Umemaliza, mama?" akauliza.

"Nimemaliza. Uko tayari kuokoka?"

"Mi niliokoka nikiwa mutoto. Bwana yangu njo pasta wetu kule Nsungwi."

Nikajichoma kidole: nilikuwa namhubiria mke wa mchungaji.

"Sasa mi niko na swali moja," akaendelea, akilishika gauni, bila kupandisha sauti. "Ulisema hii robe itaisha siku gani?"

"Jumatano, maman."

"Jumatano gani?"

Ilikuwa Jumatano ya mwezi uliopita.

"Nilikupigia simu, ukaniambia unapiga pasi. Leo nakuta haina mikono. Ulikuwa unapiga pasi nini?"

Nilitamani kuingia chini ya cherehani. Yeye akaanza kucheka, akacheka mpaka pini zikamchoma, akapiga ukelele, nami nikacheka nimepiga magoti miguuni pake, machozi yananitoka, na si yote ya kicheko.

"Omba Mungu msamaha," akasema, "lakini mikono ushone leo."

Nikashona. Alikaa akaningoja, akanywa ile chai baridi, na jioni akapanda kabaza, baiskeli ya abiria, kwenda Lumbadzi kutafuta minibasi, gauni mapajani.

Baada ya hapo nilimwahidi Mungu kwamba sitamdanganya mteja tena. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuhubiri. Mama mmoja akapiga simu: "Blauzi yangu imefika wapi?" Nikamjibu, "Bado sijaikata." Kisha akauliza kwa huruma, "We uko mugonjwa?" Fundi jirani yangu alikuja kulalamika kwamba naharibu kazi, eti sasa wateja wake nao wanataka kujua ukweli.

Kulikuwa na baba mmoja Mrundi, mteja wa siku nyingi, ambaye pini zangu hazikuwahi kumshinda. Nikifika kwenye dhambi, yeye anaomba nimwongezee mfuko. Safari hii nilimwambia suruali yake itakuwa tayari Ijumaa ya wiki ijayo, si hii. Ijumaa ile akaikuta imekunjwa, vifungo vyote mahali pake. Akaigeuza, akaangalia ndani, akaniangalia mimi.

"Nani amekufanya hivi?" akauliza.

Mahubiri yangu yote yalinijaa mdomoni, kuanzia uumbaji. Nikayameza.

"Yesu," nikasema. "Amechelewa kidogo, lakini amefika."

Alitabasamu, akakunja suruali yake. Alipofika barabarani akageuka. "Kwenu kanisani mnaanza saa ngapi?"

"Saa tatu," nikasema, kisha nikakumbuka ahadi yangu. "Yaani tunasema saa tatu. Tunaanza saa nne na nusu."

Jumapili alikuja saa nne na nusu kamili, suruali mpya mwilini. Alitukuta bado tunapanga viti, akavua koti, akatusaidia.