Jina Lao, Tumbo Langu

Jirani yangu Garifalia alizaliwa na wivu kama wengine wanavyozaliwa na alama shavuni. Utotoni alimwonea dada yake kijicho kwa ajili ya viatu; alipoolewa akamwonea wivu mbwa wa mumewe. Mume alipokufa nikadhani atapumzika. Kumbe alikuwa bado hajapata mjukuu.

Kwetu kisiwani mtoto wa kike wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Basi Meropi, binti wa Garifalia, alipojifungua, mtoto akaitwa Evanthia kama mama mkwe wa Meropi, mwanamke mkavu kama kuni, anayeishi juu penye kanisa dogo na kushinda milimani akichuma mboga za mwitu. Siku ya ubatizo Garifalia alinibana mkono mpaka ukawa mwekundu.

"Jina wamechukua wao," akaninong'oneza. "Tumbo nitalichukua mimi."

Na akalichukua. Wazazi walikuwa kazini kutwa, mtoto akakulia jikoni kwake: makaroni ya oveni yaliyofunikwa jibini, viazi vya kukaanga, maandazi yaliyozama kwenye asali. Mtoto akisema ameshiba, anaulizwa, "Kwa bibi yako wa juu ulikula nini? Majani? Basi ongeza!" Alipofika miaka tisa akawa anavaa blauzi za mama yake. Ukigusia neno, Garifalia anamtemea mtoto mate ya kufukuza jicho la hasidi, ptu ptu, kisha anakukodolea wewe.

Ndipo daktari wa mjini akampima mtoto presha, akarudia, akakunja uso. Akampima na mishipa ya shingo kwa mashine. Imeanza kukakamaa kama ya mtu mzima, akasema, na moyo unasukuma damu kwa taabu. Kwa kuwa ni mtoto, bado hali inaweza kurekebika, ila si kwa sahani hizo. Meropi akakata shauri: kila alasiri mtoto apande kwa bibi wa juu, watembee.

Garifalia akanijia mbio na bakuli la maji, maana mimi ndiye ninayeondoa jicho hapa mtaani.

"Yule mkavu kamtupia jicho mtoto, apate kuninyang'anya!"

Nikasoma dua, nikadondosha tone la mafuta ya zeituni majini. Kungekuwa na jicho, tone lingetawanyika. Lilikaa pale pale, duara, likitutazama.

"Hakuna jicho hapa, Garifalia. Kuna sahani."

"Na wewe wameshakununua!"

Kesho yake nikamwona anapanda mlima na kopo chini ya shali. Nikamfuata, umbea nao ni mazoezi. Alijibanza kwenye kona ya njia. Evanthia wawili, bibi wa juu na mjukuu, walipotokea kwa chini wakirudi matembezini, akafunua kopo la maandazi.

"Njoo, roho yangu! Kimbilia kwa bibi!"

Mtoto akakimbia. Ni kijilima tu, mbuzi wazee wanakipanda huku wanatafuna. Akafika midomo imepauka, mkono kifuani, sauti haitoki. Mshipa wa shingo ukirukaruka kama samaki aliyetupwa mchangani. Garifalia akaugusa kwa kidole, na kidole kikabaki hapo hapo.

"Unapiga hivi siku zote?"

"Nikipanda ngazi, bibi."

Evanthia mkubwa akafika. Nilingoja matusi. "Mkalishe, mkwe," akasema. "Sisi huwa tunakwenda polepole."

Garifalia akafunika kopo, akanisukumia mimi. "Kula wewe. Wewe huna moyo."

Tangu siku hiyo wanatembea watatu, wakichuma mboga. Usidhani wivu umekwisha. Jana niliwasikia kwenye kilima kile kile.

"Mboga zako zina mchanga, mkwe," Garifalia akasema.

"Na zako ni za punda."

Mtoto alikuwa mbele yao, karibu na kanisa, mashavu mekundu, pumzi anazo.

"Bibi, harakisha!" akaita.

"Umesikia?" Garifalia akamsukuma mwenzake kwa kiwiko, akachapua mwendo. "Kaniita mimi!"