Picha Niliyoisafisha Mara Mbili

Amu nzima, yaani Lamu, ukiuliza nani anajua picha, utaletwa kwangu Wiyoni. Sijisifu, ndivyo ilivyo. Shule niliiacha darasa la tano, na kamera hakunifundisha mtu; niliharibu filamu zangu mwenyewe mpaka mkono ukajua. Leo vijana wenye mashine za bei mbaya huja kuniuliza kwa nini nyuso wanazopiga zinatoka kama zimepakwa unga.

Watu hupenda kuniuliza ipi bora, filamu au digitali. Harusini, ndani ya nyumba, taa hafifu, digitali haina mpinzani. Filamu pale hutoa chembechembe kama mchanga. Lakini msimamishe mtu wa kanzu nyeupe juani saa saba, mbele ya ukuta wa chokaa. Digitali itakupa shuka lenye kichwa. Filamu itakupa kanzu, na mikunjo yake, na kifungo cha shingoni.

Sasa nieleze siku niliyokosea, maana mimi sifichi.

Alikuja mwanamke wa rika langu kutoka Chundwa, na picha ya pasipoti ya marehemu mamake. Niliipiga mimi mwenyewe miaka mingi nyuma, mamake alipotaka kitambulisho. Kabla ya siku ile na baada yake hakukubali kupigwa picha na mtu yeyote, kwa hivyo uso wake uliobaki duniani ni huo tu, na ulikaa kibetini mpaka ukakunjika katikati. Akaniambia, "Bwana, nisafishie, iwe kubwa."

Kwetu sisi wa filamu, kusafisha picha ni kuitoa: unaitia kwenye dawa, inajitokeza, unaianika. Yeye alikusudia maana hiyo ya zamani. Lakini siku hizi nina kompyuta, na wateja wa leo wakisema safisha wanataka chunusi ziondoke na ngozi ing'are. Nikaipiga ile picha kwa digitali, nikaikuza, nikaanza. Mkunjo nikaufuta. Mistari ya mashavuni nikailainisha. Kwenye nyusi ya kushoto palikuwa na mkato, nikadhani ni mkunjo ule ule, nikauziba vizuri. Ilitoka picha ya kutundikwa dukani.

Aliporudi aliishika kwa mikono miwili, akaitazama, akanirudishia. Sauti yake haikupanda.

"Huyu si mamangu."

Nikamwambia ni yeye, nimemsafisha tu.

"Nilikwambia usafishe picha. Wewe umemsafisha mama mpaka ametoka. Huyu ni bi harusi."

Kisha akanieleza. Ule mkato ni kovu la teke la punda, mamake alilipata utotoni. Yeye naye alipokuwa mdogo alikuwa akilipapasa kwa kidole ndipo apate usingizi. Tangu msiba anajaribu kukumbuka lilikaa vipi, na kila siku linampotea kidogo. Kwenye ile picha ya pasipoti mkunjo ulipita juu yake, hata yeye hakuweza tena kujua kovu ni lipi na mkunjo ni upi.

Nikamwomba anisubiri. Nani mwingine hapa Amu aliyeweka negativu zake zote, zile filamu ambazo nyeusi huonekana nyeupe? Wenzangu walizitupa waliponunua digitali. Zangu zimo kwenye mikebe ya biskuti, na kwa kuwa kuandika si kazi yangu, kila mkebe nimeuchora alama: Chundwa, kwa wakulima, ni jembe. Nilifungua mikebe mitatu ya jembe, nikazishika negativu mbele ya dirisha moja baada ya nyingine, buibui nyeusi za wanawake zote zimegeuka nyeupe. Ikaadhiniwa adhuhuri, nikaswali, nikarudi. Nikampata.

Chumba cha giza sina tena. Niliwasha kioo cha simu kikawa cheupe, nikakitandika karatasi nyembamba, nikailaza negativu juu yake, nikaipiga kwa digitali, halafu kwenye kompyuta nikageuza nyeupe kuwa nyeusi. Chembechembe zilijaa, zamani ningeona aibu kumpa mtu picha ile. Lakini kovu lilikuwapo, limepinda kidogo kuelekea sikioni. Mkono uliniwasha nizilainishe zile chembe. Nikauzuia.

Yule bibi hakunisifu, na mimi hupenda kusifiwa. Aliweka kidole juu ya nyusi, akakipeleka taratibu kufuata ule mpindo mpaka mwisho, kisha akarudia.

"Lilielekea huku," akasema. "Mimi nilishaanza kulikumbuka limenyooka."